Bango la Herufi na Jina la Nyang'hwale

Majadiliano ya istilahi yamezoea kushughulikia neno: neno lipi lifae kwa dhana ipi, litoholewe au liundwe, lichukuliwe katika lugha za Kibantu au liazimwe kwingineko. Ni mara chache tunapojiuliza juu ya kile kinacholibeba neno hilo mpaka kwenye jicho la msomaji, yaani umbo la herufi zake. Umbo hilo tumelihesabu kuwa ni shauri la mpiga chapa, tukamwachia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kumwachia huko kuna gharama, na kwamba gharama hiyo yaonekana wazi mno Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita.

Kilichotusukuma kuandika ni zoezi linalotolewa siku hizi kwa vijana wanaojifunza usanifu wa maandishi na picha. Kijana huambiwa abuni herufi zake mwenyewe, asinakili za mtu, kisha azionyeshe zote katika bango moja lenye vielelezo. Zoezi lenyewe ni jema. Linamfundisha kuwa herufi haikushuka kutoka mbinguni, bali kuna mtu aliyekaa akaamua tumbo la b liwe pana kiasi gani. Lakini zoezi hili limetoka Ulaya, na limekuja na mizigo yake yote, nasi tunaipokea mizigo hiyo bila kuifungua.

Kwanza tukubaliane juu ya majina, maana hapo ndipo fujo inapoanzia. Akisemwa mtu kuwa "amebuni herufi mpya", msomaji wa kawaida atadhani ameongeza alama katika alfabeti. Kumbe hakuongeza kitu. Amezipa alama zile zile sura nyingine. Neno mwandiko halifai, kwa kuwa ni kazi ya mkono: mwalimu husema mwandiko wa mtoto huyu ni mbaya, wala hasemi hivyo juu ya kitabu. Chapa ni neno zuri ila limechoka kwa kubebeshwa. Kitabu hupigwa chapa, bidhaa ina chapa yake, na huko Usukumani ng'ombe huchomwa chapa kwa chuma cha moto. Fonti limekwisha kuingia katika programu za kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na hatuoni haja ya kulifukuza. Lakini fonti ni zana, ni ule mkusanyo uliowekwa ndani ya mashine ili utumike. Mtu hatundiki fonti ukutani. Anachotundika ni sura. Kwa hiyo katika makala haya tunasema sura ya herufi kwa ubunifu wenyewe, fonti kwa zana inayoubeba, na hati kwa mfumo mzima wa maandishi, kama tunaposema hati ya Kiarabu na hati ya Kilatini.

Kuhusu bango hatuna mengi. Wapo wanaoandika posta. Mkazi wa Kahama akiambiwa aende akatazame posta atafika penye masanduku ya barua. Bango latosha.

Tuangalie sasa mizigo tuliyoitaja. Mojawapo ya karatasi mashuhuri za kuonyesha sura za herufi ni ile iliyotolewa London mwaka 1734 na William Caslon, fundi aliyeanza maisha kwa kunakshi vyuma vya bunduki kabla ya kugeukia herufi. Katika karatasi hiyo alipanga sura zake kwa ukubwa, kuanzia kubwa kabisa hadi ndogo kabisa, na maneno aliyotumia kuzionyesha ni ya hotuba ya Kilatini ya Cicero dhidi ya Catilina. Wanunuzi wake walikuwa wapiga chapa, na Kilatini kilikuwa lugha ya vitabu vya heshima. Hotuba hiyo yaanza kwa herufi Q. Wabunifu waliomfuata waliipenda sana, wakapata nafasi ya kuirefusha Q mkia wake na kuupinda kwa madaha. Baadaye Kiingereza kikapata sentensi yake ya mbweha anayemruka mbwa, inayopendwa kwa sababu ina herufi zote 26 za lugha hiyo.

Kijana wa Shinyanga akifuata mfano huo leo, atatundika bango lenye A hadi Z, na Q yenye mkia wa kupendeza, na chini yake sentensi ya mbweha. Amefanya alivyoagizwa. Lakini Kiswahili hakina q wala x, na c haisimami peke yake ila pamoja na h. Ufundi wake mkubwa ameumalizia katika herufi ambayo watu wake hawaitumii kabisa, huku ng' ikikosa hata pembe ya kukaa.

Wala si suala la herufi zinazokosekana tu. Kila lugha ina uzito wake juu ya ukurasa. Katika Kiingereza e ndiyo inayotawala, na masanduku ya herufi za risasi yaliyopangwa Uingereza yaligawiwa kwa hesabu hiyo. Katika Kiswahili a ndiyo mwenye nyumba, na k na w, ambazo kwa Mwingereza ni wageni wa siku moja moja, kwetu wanakaa sebuleni. Tuchukue onyo hili, ambalo lafaa kuandikwa popote dhahabu inapooshwa: Usishike zebaki kwa mikono mitupu. Lina herufi 29, na kati ya hizo k imetokea mara 4. Basi sura ya herufi ambayo k yake ni dhaifu, au ambayo miguu ya k na mabega ya w yanagongana katika kwa, kwetu, kwenye na kwamba, itatoa ukurasa wenye mabaka kwa Kiswahili hata kama kwa Kiingereza ilisifiwa. Mhakiki wa Kiingereza hataliona kosa hilo kwa kuwa lugha yake hailifikii mara kwa mara. Ni lazima tulione sisi.

Hapa tunafika kwenye hoja ambayo tunaiona kuwa kubwa kuliko zote. Bango la A hadi Z linachukulia kwamba msomaji hukutana na herufi moja moja. Msomaji wetu hakufundishwa hivyo. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma katika Tanzania walikadiriwa kuwa asilimia 67. Mwaka 1975, baada ya kampeni ya kitaifa, walikuwa asilimia 39. Mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ndiyo iliyotangulia kwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Mkulima alijifunza kusoma kwa mambo ya kazi yake, pamba ikiwa mojawapo. Na yeyote aliyepata kukaa katika darasa la kisomo au darasa la kwanza anaujua mpangilio wa ubao: ba be bi bo bu, kisha cha che chi cho chu, kisha mba, nda, nga, na kwa waliostahimili, mbwa na nywa. Huo ndio mlango ambao watu wetu waliingilia katika maandishi. Kizio cha kusoma Kiswahili ni silabi, na silabi zetu, isipokuwa chache, zaishia kwa irabu.

Ikiwa ndivyo, kwa nini bango la sura ya herufi lisipangwe kwa silabi? Tunasema hivi tukijua kuwa wapo watakaoona tunarudisha usanifu katika darasa la ngumbaru. Si hivyo. Mpango wa silabi ni mtihani mkali kuliko mpango wa alfabeti. Katika alfabeti k husimama peke yake kama mtu anayepigwa picha studio. Katika kwa, kwe, kwi inabidi ifanye kazi pamoja na jirani zake, na hapo ndipo udhaifu unapojitokeza. Nafasi kati ya herufi na herufi, ambayo mafundi huijali kama umbo lenyewe, haionekani katika orodha. Yaonekana katika silabi. Mbunifu aliyefaulu kuandika nywa, mbwe na ng'o kwa sura moja isiyotikisika amefaulu kuliko aliyepamba Q.

Na sasa tulitaje jina lililo katika kichwa cha makala haya. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa maeneo yaliyomegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, na mojawapo ya wilaya zake ni Nyang'hwale. Jina ni la Kisukuma. Ng' ni ile sauti ya puani ambayo Waswahili wote wanaijua kwa ng'ombe. H inayofuata yaonyesha pumzi ambayo Kiswahili hakina lakini Kisukuma kinayo, kama katika jina Mhoja. Na w inafuata. Konsonanti zimepangana, na katikati yake kuna kialama kimoja kidogo kinachoning'inia juu. Ukikiondoa kialama hicho, jina linaporomoka.

Kuliandika jina hili kwa usahihi ni kazi kuliko inavyodhaniwa. Kwenye kompyuta kile kialama chaweza kuwa kimojawapo cha alama nne. Kuna alama iliyonyooka ya taipureta. Kuna alama ya kufungia nukuu, iliyopinda. Kuna alama ya kufungulia nukuu, inayopinda upande wa pili, ambayo huwekwa kwa makosa. Na kuna alama ya nne ambayo wengi hawajapata kuisikia: mfumo wa Unicode, ambao ndio msingi wa maandishi ya kompyuta zote siku hizi, una alama inayofanana kabisa na ile ya kufungia nukuu ila inahesabiwa kuwa herufi. Kwa jicho hazina tofauti. Kwa mashine tofauti ni kubwa. Alama za nukuu mashine huziona kama vituo, nazo ni ruhusa ya kulikata neno; baadhi ya programu zitaona nyang kuwa neno moja na hwale kuwa jingine. Alama ya nne haina ruhusa hiyo.

Mtumishi wa serikali atauliza: haya yanamhusu nini mwananchi? Yanamhusu kwa sababu orodha zetu sasa zinatafutwa kwa mashine. Jina lililoingizwa kwa alama moja halipatikani kirahisi likitafutwa kwa nyingine, isipokuwa aliyeitengeneza programu alikumbuka kuziunganisha. Mnamo Januari 2024 mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka Ng'alita, wilayani Bariadi, katika mkoa wa Simiyu, ambao nao ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Jina la mahali hapo laanza kwa ng'. Mahali ambapo watu wamekufa pastahili kuandikwa kwa namna moja katika kila daftari, ili atakayekuja kuuliza baada ya miaka 10 ajibiwe.

Mbunifu wa sura ya herufi anaingiaje hapa? Anaingia kwa kuwa yeye ndiye anayeichora ile alama, na ndiye anayeamua ikae umbali gani kutoka kwenye g na kutoka kwenye herufi inayofuata. Fonti zilizochorwa kwa ajili ya Kiingereza huichora kama kituo: huiachia nafasi kwa kuwa Kiingereza huitumia mahali neno linapokatwa. Matokeo yake ng'ombe huonekana kama maneno mawili yaliyogombana. Na katika herufi kubwa, ambazo ndizo zinazopendwa kwa vibao, alama hiyo hupanda juu ikawa ndogo, nayo husahaulika. Ndiyo maana tunasoma NGOMBE mahali pengi. Asiyejali na akumbuke kuwa kung'oa ni jambo moja na ngoa ni jingine.

Wapo waliotaka kulikwepa tatizo hili zamani. Alfabeti ya Afrika iliyopendekezwa na wataalamu wa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa na herufi ŋ kwa sauti hiyo, na Kiganda kikaichukua. Kiswahili Sanifu hakikuichukua. Hatuwalaumu waliokataa. Taipureta za siku hizo hazikuwa nayo, na hata huko Uganda mwandishi akikosa ŋ huandika ng' kama sisi. Lakini tukishaamua kubaki na ng' yatupasa kuitendea kama herufi, si kama kituo kilichopotea njia.

Tuseme kidogo juu ya vielelezo. Mbunifu wa ukanda wa dhahabu hushawishika upesi kugeuza kila herufi kuwa kifaa: K iwe sururu mbili, O iwe karai, T iwe nguzo ya kuzuia duara lisibomoke, kisha zote zipakwe rangi ya dhahabu juu ya weusi. Bango la namna hiyo hupendeza siku ya maonyesho. Hata hivyo, herufi iliyovaa sururu imekwisha kuwa picha, nayo haiwezi tena kuandika sentensi. Usukuma wenyewe una mfano bora zaidi. Chama cha Bayeye, wacheza nyoka, kilichora picha katika kuta za nyumba zake, na mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo. Picha ziliambatana na nyimbo ambazo wanachama walijifunza. Picha ilibaki picha, wimbo ulibaki wimbo, na mmoja alimkumbusha mwenzake. Bango lenye vielelezo lingeweza kufuata njia hiyo: sururu ichorwe kuwa sururu, na pembeni yake neno sururu liandikwe kwa sura inayoonyeshwa.

Maneno ya kuonyeshea hayatakosekana. Wachimbaji wana duara, karasha, mwalo, marudio, kuchenjua. Tukisema kweli, duara ni mfano mzuri wa kupanua maana kuliko mingi inayotolewa na kamati: mtu alichungulia shimo la mviringo akaliita kwa umbo lake, na neno likashika. Karasha limetoholewa Kiingereza bila kuomba ruhusa ya mtu, nalo lina silabi tatu safi zenye a tupu, kana kwamba lilitungwa kwa ajili ya bango letu. Mfasiri wa sheria na kanuni za madini ambaye bado anaandika "mashine ya kupondea mawe" yafaa aende Geita siku moja.

Jambo moja la usomaji haliwezi kuachwa, nalo ni mazingira. Vibao vya migodini husomwa kwa taa ya kichwani, penye vumbi, na mtu mwenye haraka. Mwaka 1916 reli ya chini ya ardhi ya London ilianza kutumia sura ya herufi iliyobuniwa na Edward Johnston, naye aliipa l ndogo mkia chini ili isichanganywe na I kubwa wala tarakimu 1. Mkia huo una kazi. Ule wa Q ya Cicero ni urembo. Katika fonti nyingi za kisasa zisizo na nyayo (tunaita unyayo ule mstari mdogo unaokalia mwisho wa shina la herufi) I na l ni vijiti viwili visivyotofautiana. Jina la wilaya ya Ilemela, jirani zetu wa Mwanza, laanza kwa vijiti hivyo viwili. Nambari za leseni za uchimbaji mdogo huchanganya herufi na tarakimu, hivyo 0 na O, 1 na I zikifanana, makosa ya kunakili yanangoja saa yao. Tangu Tanzania iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, maandishi juu ya zebaki yameongezewa wajibu: vipimo na tahadhari lazima visomeke na yule anayeshika karai, wala si mkaguzi peke yake.

Kwa hiyo bango ambalo tungelipokea kwa furaha lingekuwa hivi. Juu, jina la sura hiyo ya herufi. Chini yake jedwali la silabi, kuanzia zile nyepesi hadi mbwa, nywa na ng'wa. Kisha tarakimu 0 hadi 9 karibu na O, I na l. Kisha vifaa vitano au sita vilivyochorwa kwa unyofu pamoja na majina yake. Kisha onyo moja kamili, kwa herufi kubwa na kwa herufi ndogo, ili wasomaji waamue lipi linasomeka kwa hatua 10. Herufi q na x ziwepo, kwa kuwa majina ya wageni hayakwepeki, lakini zikae pembeni. Na Nyang'hwale iandikwe kwa ukubwa kuliko vyote.

Imebaki ile alama, ambayo hata jina lake halijatulia. Kamusi na walimu wengine huiita ritifaa, wengine kibainishi, na mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja. Tunapendekeza maneno hayo mawili yagawane kazi. Ritifaa iwe ile ya kituo, inayoonyesha kwamba kitu kimeachwa, kama washairi wanavyoitumia wanapopunguza mizani. Kibainishi kiwe ile iliyo sehemu ya ng', isiyokata neno, inayoandikwa kwenye kompyuta kwa ile alama ya nne inayohesabiwa kuwa herufi. Wabunifu wa fonti wachore kibainishi peke yake, kifupi kuliko ritifaa na karibu zaidi na g, na wenye orodha za majina ya mahali waanze kukitumia kwa Nyang'hwale na Ng'alita.